Kugeuza Injini ni Kuruka Majivu na Kukanyaga Moto

Nyumbani kwetu Gatete, chini ya mwembe ulio karibu na barabara, kuna pikapu ya Peugeot 504 ambayo kuku wanataga ndani yake. Ni gari la baba mdogo. Zamani lilikuwa likibeba madumu ya mawese hadi Bujumbura na kurudi na sukari, chumvi na mabati. Halikugongwa wala halikuungua. Liligeuzwa. Lilikuwa gari la petroli, au esansi kama tunavyosema huku kwetu, na fundi mmoja akaahidi kuligeuza liwe gari la dizeli, yaani la mazutu. Tangu siku hiyo halijafika Bujumbura tena.

Ninaandika insha hii kupinga wazo lililoliweka gari hilo chini ya mwembe. Tangu uhaba wa mafuta ulipoanza kutubana hapa Burundi, nimelisikia wazo hilo kila mahali: kwenye garaji za Rumonge, ndani ya Probox tukiwa safarini, na hata chuoni, katika mdahalo wetu wenyewe wa Kiswahili. Watetezi wake husema mambo matatu. Kwanza, kwamba mazutu hupatikana kwa urahisi kuliko esansi. Pili, kwamba injini ya dizeli hunywa mafuta kidogo na huishi miaka mingi. Tatu, kwamba siku mazutu yakikosekana kabisa, sisi watu wa Rumonge tutatia mawese kwenye tangi na kuendelea na safari. Mwenzetu mmoja alimalizia hoja yake kwa kusema kwamba Rumonge imekalia kisima cha mafuta na haijui. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Mimi sikupiga, kwa sababu nilikuwa nikiwafikiria wale kuku.

Nianze na neno lenyewe, maana sisi ni wanafunzi wa lugha na hii ndiyo kazi yetu. Fundi husema "nitaigeuza injini yako". Kugeuza ni nini? Ukigeuza shati, shati ni lile lile, ila upande wa ndani umekuwa nje. Ukibadilisha shati, umevua moja na kuvaa jingine. Mwenye gari anaposikia neno kugeuza, anaelewa kwamba injini yake itabaki, itafanyiwa marekebisho kidogo, na kesho itakunywa mazutu. Kwa hiyo anakubali bei ya marekebisho kidogo. Lakini kinachofanyika garajini, kama kinafanyika kweli, ni kubadilisha: injini ya kwanza inatolewa yote na nyingine inawekwa mahali pake. Hizo ni kazi mbili zilizo mbali kama Gatete na Gitega. Neno moja lililotumiwa vibaya limewala watu pesa nyingi, na sisi wenye kujifunza maneno tumekaa kimya, tena wengine tumepiga makofi.

Kwa nini injini ya petroli haigeuki? Sihitaji kuwa mhandisi kueleza hili, na msomaji hahitaji kuwa mhandisi kulielewa. Katika injini ya petroli ya kale kama ile ya Peugeot 504, kabureta huchanganya hewa na petroli, mchanganyiko huo huingia ndani ya silinda, pistoni huubana, kisha plagi, ambayo wengi hapa huiita buji, hutoa cheche na kuuwasha. Pistoni huubana mchanganyiko kama mara 8 hivi, wala haifai kuubana sana, kwa sababu petroli ikibanwa kupita kiasi hujiwasha kabla ya wakati na injini hugonga.

Injini ya dizeli haina buji ya kutoa cheche wala kabureta. Huvuta hewa tupu na kuibana vikali, katika injini za zamani mara 20 au zaidi, mpaka joto la hewa hiyo linapita nyuzi 500. Hapo ndipo pampu husukuma mazutu kwa nguvu nyingi kupitia nozeli, yakaingia kama ukungu mwembamba na kuwaka yenyewe kwa joto lile. Petroli inatakiwa isijiwashe yenyewe. Mazutu yanatakiwa yajiwashe yenyewe. Tabia hizi mbili zinapingana, na kila injini imejengwa kuzunguka tabia ya mafuta yake.

Sasa tuhesabu. Anayetaka injini ya petroli inywe mazutu anahitaji pistoni nyingine, kichwa kingine cha silinda, nozeli, pampu ya mazutu, na njia ya kuifunga pampu hiyo izunguke sawasawa na injini. Anahitaji konrodi na krankshafti zinazoweza kuvumilia mapigo makubwa kuliko yale zilizozoea. Anahitaji bloku nene. Anahitaji stata yenye nguvu zaidi na betri kubwa zaidi, kwa sababu kuizungusha injini inayobana mara 20 si sawa na kuizungusha inayobana mara 8. Mwisho wa hesabu hiyo, kitu gani cha injini ya kwanza kimebaki? Labda kijiti cha kupimia oili. Ni kama yule anayesema amekarabati nyumba ya babu yake, kumbe amebomoa kuta, amefumua paa, na amebakiza kitasa cha mlango.

Mtu atanijibu kwamba viwanda vikubwa vimewahi kufanya hivyo. Ni kweli, na sitaki kushinda kwa kuficha. Mwaka 1976 Volkswagen ya Ujerumani ilianza kuuza Golf ya dizeli ambayo injini yake ilitokana na injini yao ya petroli, na gari lile lilifanya kazi vizuri. Lakini kazi hiyo ilifanywa na wahandisi wenye maabara na tanuri za kuyeyushia chuma, waliobuni upya kila sehemu iliyohitaji kubuniwa upya kabla gari la kwanza halijauzwa. Hakuna aliyewaletea gari kuukuu asubuhi na kulichukua jioni.

Tena tuangalie upande wa pili wa mfano huo. Huko Marekani, kampuni ya General Motors, yenye pesa kuliko nchi nyingi, ilitoa mwaka 1978 injini ya dizeli ya lita 5.7 kwa ajili ya magari ya Oldsmobile. Injini hiyo ilifuata umbo la injini yao ya petroli. Bloku waliiongezea unene, lakini bolti za kushikilia kichwa cha silinda walizibakiza kwa idadi na mpangilio ule ule wa petroli. Mapigo ya dizeli yalizishinda bolti zile. Gasketi ziliungua, maji yaliingia mahali pasipotakiwa maji, na wenye magari waliishia mahakamani. Kufika mwaka 1985 injini hiyo ilikuwa imeachwa, na Wamarekani wengi waliichukia dizeli kwa miaka mingi baadaye. Ikiwa General Motors ilishindwa kwa sababu ya bolti, je, fundi wa kando ya barabara mwenye spana kumi na mkopo wa jeki atafaulu?

Sisemi hivyo kuwadharau mafundi wetu. Mafundi wa Rumonge wanafufua magari ambayo Ulaya yangetupwa miaka 20 iliyopita. Nawaheshimu. Ninachopinga ni ahadi isiyowezekana inayotolewa na wachache wao, na kiu yetu sisi wateja ya kuiamini.

Kinachowezekana ni kubadilisha. Katika Afrika Mashariki yote watu wametoa injini za petroli kwenye Land Rover na Land Cruiser za zamani na kuweka injini za dizeli za Toyota, na nyingi zinatembea. Hata Peugeot 504 yenyewe ilitoka kiwandani kwa namna mbili, ya petroli na ya dizeli, kwa hiyo injini ya dizeli iliyotengenezwa kwa ajili ya mwili ule ipo duniani. Mwenye pesa ya kuitafuta injini hiyo pamoja na vishikizo vyake, giaboksi yake, rejeta yake na nyaya zake, na aende. Lakini aijue bei yake kamili kabla hajaanza, na asiite kazi hiyo kugeuza.

Baba mdogo hakuambiwa bei kamili. Aliambiwa bei ya nusu, kisha robo nyingine ikaongezwa, kisha nyingine. Ili kulipa, aliuza mavuno ya michikichi yake yakiwa bado mtini, kwa bei ya mtu mwenye shida. Fundi alipata injini ya dizeli iliyotolewa kwenye basi dogo lililokufa. Vishikizo havikulingana, akakata na kuchomelea. Giaboksi haikulingana, akatengeneza bamba la chuma la kuziunganisha. Injini ilikuwa nzito kuliko ile ya kwanza, gari likainama mbele kama ng'ombe anayekunywa maji. Rejeta ya zamani haikutosha, kwa hiyo kila baada ya kilomita chache baba mdogo alisimama kando ya ziwa na kuchota maji. Bamba lile halikuwa limenyooka, na mtetemo wake ulilegeza kila kilichokuwa kimekazwa. Alipomrudia fundi, aliambiwa kwamba gari linahitaji muda wa kuzoea. Gari si mtoto mchanga. Halizoei.

Haya, tuseme kazi ilifanywa vizuri. Tuseme injini imekaa sawa, haipati joto, haitetemeki. Baba mdogo angepata nini? Hapa ndipo penye hoja yangu kubwa, nami namwomba msomaji anisikilize hapa kuliko kwingine kote.

Burundi haichimbi petroli wala dizeli. Tunanunua zote mbili nje, na sehemu kubwa hupita bandari ya Dar es Salaam kisha kubebwa na malori hadi kwetu. Zote mbili hulipiwa kwa dola. Tumekosa mafuta kwa sababu tumekosa fedha za kigeni za kuyanunua. Esansi na mazutu ni watoto wa mama mmoja: hutoka kwa wauzaji wale wale, hupita barabara ile ile, hulipiwa kwa mfuko ule ule, na mfuko huo ukiwa mtupu, hakuna anayefika. Katika mwaka 2024 na 2025 tuliyaona magari yakilala kwenye foleni za vituo vya mafuta, dereva akilala ndani, mkewe akimletea chakula. Katika foleni hizo yalikuwepo magari ya esansi na magari ya mazutu. Aliyegeuza injini alikuwa ametoka foleni ya kulia akaenda foleni ya kushoto, tena akiwa na deni.

Mwenzangu atasema kwamba kuna siku mazutu hupatikana na esansi haipo. Nakubali, zipo. Na zipo siku kinyume chake. Lakini hebu tufikiri ni nani wanaosubiri mazutu. Kuna malori yanayoleta chakula na saruji. Kuna jenereta za hospitali umeme unapokatika. Kuna mashine za kusaga na vinu vya kukamulia mawese vinavyoendeshwa kwa injini za dizeli. Kuna mashua kubwa za mizigo ziwani. Sisi wote wenye magari madogo tukihamia mazutu, tutakuwa tumeongeza midomo kwenye sufuria ambayo tayari haishibishi, na tutakaowapokonya ni wale wanaotulisha na kututibu. Mtu mmoja akigeuza gari lake anaweza kupata nafuu ya wiki mbili. Mji mzima ukigeuza magari, nafuu hiyo inakwisha siku hiyo hiyo.

Tunabaki na hoja ya tatu, ile iliyopigiwa makofi: mawese.

Si hoja ya kipumbavu. Injini ya dizeli ina historia ya kunywa mafuta ya mimea. Katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini ndogo ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Rudolf Diesel mwenyewe alieleza baadaye kwamba serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka jaribio hilo, kwa kuwa ilifikiria makoloni yake ya Afrika yanakolimwa karanga. Wabelgiji nao, waliokuwa wakitawala Kongo na Ruanda-Urundi, yaani na sisi tukiwemo, walikuwa na ndoto kama hiyo kuhusu mawese. Mwaka 1937 mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Brussels aitwaye G. Chavanne alipata hataza ya namna ya kuyafanya mafuta ya mimea kuwa mafuta ya injini, na mwaka 1938 basi la abiria lilifanya safari kati ya Brussels na Louvain likitumia mafuta yaliyotokana na mawese.

Lakini tusome vizuri. Mafuta ya basi lile "yalitokana" na mawese. Hayakuwa mawese ya kwenye dumu. Chavanne aliyachanganya na alkoholi, akayageuza kwa kemia mpaka yakawa mepesi. Hapo neno kugeuza linastahili kutumika! Kwa nini alihangaika hivyo? Jibu liko jikoni kwa kila mama wa Gatete. Amka alfajiri katika msimu wa baridi uiangalie chupa ya mawese. Juu kuna mafuta mekundu yanayotiririka, chini kuna uji mzito wa rangi ya chungwa. Hata yakiyeyuka yote, mawese ni mazito kuliko mazutu kwa mara kumi hivi. Nozeli iliyotengenezwa kupuliza ukungu wa mazutu haiwezi kupuliza ukungu wa mawese, hutoa matone. Matone hayaungui yote. Hugeuka masizi magumu kwenye ncha ya nozeli na kwenye ringi za pistoni, mengine huteremka na kuiharibu oili.

Baba mdogo aliyajaribu. Mazutu yalipokosekana aliyapasha mawese moto kwenye sufuria, akayachuja kwa kitambaa, akayatia. Gari liliwaka, na sisi watoto tulishangilia moshi wake ulionukia kama maandazi. Lilitembea siku chache. Kisha asubuhi moja halikuwaka, wala asubuhi iliyofuata. Mawese yalikuwa yameganda kwenye bomba na kwenye chujio, na nozeli zilipofunguliwa zilikuwa nyeusi kama mkaa. Hapo ndipo liliposukumwa hadi chini ya mwembe.

Tuseme tena kwamba kazi ingefanywa vizuri, kwa kemia ya Chavanne, kwa kiwanda safi. Bado kuna swali la sufuria. Nyumbani kwetu dumu la lita 5 la mawese hutupikia kwa siku kumi hivi, maana yake ni lita 15 kwa mwezi. Kutoka Rumonge hadi Bujumbura na kurudi ni kama kilomita 150. Pikapu ya dizeli ya umri ule ikinywa lita 9 kwa kila kilomita 100, safari moja inamaliza zaidi ya lita 13. Kwa hiyo kila safari ya gari moja ingekuwa imekunywa karibu mwezi mzima wa mboga za familia yetu. Mama anayenunua mawese kwa kipimo cha chupa sokoni atashindana bei na mwenye gari. Nani atashinda? Msomaji anajua.

Mawese hayatoki hewani pia. Yanatoka kwenye mchikichi, na mchikichi umesimama juu ya ardhi, na ardhi ya Rumonge ina machozi. Mwaka 1972 watu wengi walikimbia kutoka huku kwenda Tanzania na Kongo. Waliporudi, wengine baada ya miaka zaidi ya 30, walikuta michikichi waliyoipanda wao au baba zao ikivunwa na watu wengine, ambao nao walikuwa na karatasi. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyinginezo, CNTB, iliyoanzishwa mwaka 2006, ilijaa mashauri ya namna hiyo. Gatete kuna familia zilizokubaliana kugawana shamba nusu kwa nusu, na kuna zilizoacha kusalimiana hadi leo. Anayesema tuna kisima cha mafuta amesahau kwamba kila tone la kisima hicho lina mwenyewe, na pengine lina wenyewe wawili.

Wenzetu wa Tanzania wamekwisha kuonja pilipili hii. Miaka ya 2000 walipoambiwa kwamba mibono ingewapa dizeli na utajiri, kampuni ya Kiingereza iitwayo Sun Biofuels ilipata zaidi ya hekta 8,000 kutoka vijiji 11 vya wilaya ya Kisarawe. Mwaka 2011 kazi ikasimama na wafanyakazi wakaachishwa. Ardhi ilikuwa imekwisha kutoka mikononi mwa vijiji, na dizeli iliyoahidiwa haikuonekana. Ile ilikuwa mibono, isiyoliwa. Sisi tunataka kufanya hivyo kwa chakula.

Basi, nitaulizwa, wewe unayepinga kila kitu unapendekeza nini? Swali ni la haki na nitalijibu.

Mwenye gari la petroli alitunze liwe gari zuri la petroli. Kabureta chafu, buji zilizochoka, chujio la hewa lililojaa vumbi na matairi yenye upepo mdogo humaliza esansi nyingi bila sababu. Kulirekebisha gari kama hilo hakugharimu hata sehemu ndogo ya pesa alizotoa baba mdogo, na fundi yeyote mwaminifu wa Rumonge analiweza.

Anayetaka dizeli kwa kazi nzito na anunue gari lililozaliwa na dizeli, au abadilishe injini kwa ile iliyotengenezwa kwa mwili wa gari lake. Na aandikiane na fundi. Karatasi iseme injini gani, vifaa gani, bei yote, na nini kitatokea kama gari halitembei. Fundi anayekataa kuandika amekwisha kujieleza.

Mzigo wa mawese si lazima ubebwe na kila mtu kwa gari lake bovu. Tuna ziwa. Tuna bandari Rumonge. Wenye madumu 20 wakikusanyika watu kumi, watajaza lori moja au mashua moja, na mafuta yatakayotumika yatagawanywa kwa kumi.

Sisi wanafunzi tuna deni letu pia. Baba mdogo anasoma Kiswahili vizuri, alikulia Kigoma. Kama angepata kijitabu cha kurasa 20 kwa Kiswahili kinachoeleza tofauti ya injini mbili hizi, angeuliza maswali matatu tu na yule fundi angekimbia. Hakukipata. Vitabu vya injini huku kwetu viko kwa Kifaransa, navyo ni vya kuhesabika. Tunaandika tasnifu juu ya ngeli na vitenzi, na ni vyema, lakini mtu wa Gatete anauziwa kitenzi kimoja kwa bei ya shamba. Napendekeza tukiandike kijitabu hicho sisi, tukishirikiana na wenzetu wa ufundi. Nipo tayari kuanza.

La mwisho ni gumu zaidi, nami nitalisema kwa adabu. Tunapohangaika kugeuza injini, tunakubali kimyakimya kwamba kosa liko kwenye magari yetu. Peugeot ya baba mdogo haikuwa na kosa lolote. Ilitembea miaka na miaka, na ingetembea leo kama kituo cha mafuta kingekuwa na esansi. Swali la kuuliza ni kwa nini hakina, dola zinakwenda wapi, na ni lini mafuta yatagawanywa kwa utaratibu unaoeleweka na kila raia. Swali hilo lina watu wanaopaswa kulijibu, na wao hufurahi sana wanapotuona tumeinama chini ya boneti.

Juma lililopita nilikwenda nyumbani. Nyuma ya jiko, juu ya mbao mbili, ile injini ya kwanza ya petroli bado ipo. Bibi alikataa isiuzwe kwa wanunua vyuma, akaifunika kwa magunia, na baba mdogo alikuwa ametia oili kwenye matundu ya buji ili isishike kutu. Nilimshikia taa, akaweka spana kwenye puli akavuta. Ilizunguka. Tukahesabu pamoja vitu vitakavyohitajika kuirudisha ndani ya gari: gasketi, vishikizo vya zamani ambavyo fundi alivikata, siku nne za kazi. Amekubali kuirudisha baada ya mavuno yajayo, na safari hii hatayauza yakiwa mtini.